Kurudi Nyumbani Baada ya Tarawehe

Ramadhani ya mwaka 2016 iliangukia Juni, mwezi ambao hapa London isha husaliwa karibu saa tano usiku. Siku moja ya kazi tulipotoka tarawehe Whitechapel, treni ya mwisho ilikwisha kuondoka. (Treni za usiku kucha zilianza Agosti ya mwaka huo, nazo ni za Ijumaa na Jumamosi tu.)

Tukalisubiri basi nambari 25, lililokuwa likipita hapo usiku kucha kuelekea Stratford na Ilford. Mbele yetu alipanda mama mmoja mtu mzima, mgeni kutoka Mombasa, sarafu za nauli mkononi. Dereva akatikisa kichwa: tangu Julai 2014 mabasi ya hapa hayapokei fedha taslimu. Mama akadhani amekataliwa kwa ajili ya buibui lake, akashuka kimya. Kando, mwenye gari dogo alikuwa akimwita, ilhali sheria haimruhusu kuchukua abiria asiyeagiza gari mapema.

Tukamrudisha. Kadi moja humlipia mtu mmoja. Kwa bahati tulikuwa nayo ya pili. Wenye wageni wazee wawakatie kadi mapema, na wawaeleze sababu.

Mpaka Stratford mama alikuwa akitusukumizia sarafu zake.