Zawadi kwa Jirani Anayehama

Katika nyumba za askari za Makindye, kusini mwa jiji la Kampala, barua ya uhamisho haingoji mwisho wa muhula wa shule wala mavuno ya bustani. Inafika leo, na baada ya siku chache lori linasimama mlangoni, vitanda vinapakiwa, na jirani wa miaka mingi anakwenda zake Mbarara, Gulu au Moroto. Hapo ndipo mama anayebaki hujiuliza atampa nini mwenzake kiwe kumbukumbu.

Swali hilo si dogo. Kambi ya Makindye na nyumba za polisi za Nsambya, zilizomo katika divisheni hiyo hiyo, hukusanya watu wa kila pembe ya Uganda, walio mbali na mama zao, dada zao na shangazi zao. Tangu Machi 2007, majeshi ya Uganda yalipoingia Somalia, ziko nyumba nyingi za askari zilizokaa miezi na miezi bila baba. Katika muda kama huo ni jirani anayeamka usiku kumsindikiza mwenzake zahanati na mtoto mwenye homa. Ni jirani anayekopesha unga mshahara unapochelewa, wala haulizi utarudi lini. Deni la namna hiyo halilipwi kwa fedha. Ukimpa noti mtu aliyekulelea mwanao, umemfanya kibarua. Na kitu cha dukani, hata kikiwa kizuri, mpokeaji hukisia bei yake kabla hajafungua karatasi; akiona kinapita uwezo wa mshahara wa koplo, hatakipokea kwa moyo mtulivu.

Kitu kilichotengenezwa kwa mkono hakina taabu hiyo. Mpokeaji huona ndani yake jioni tatu za kazi, akaelewa. Kinachotakiwa ni kuchagua kazi inayolingana na siku zilizobaki. Mkeka, kwa mfano, hauanzwi barua ikishafika. Ukindu hukaushwa, huchanwa, hutiwa rangi, husukwa ukili mrefu, kisha ukili huo hushonwa pamoja. Hiyo ni kazi ya majuma. Mwenye mkeka uliokwisha kuanzwa na amshukuru Mungu. Asiye nao na aelekee jikoni.

Huko jikoni, wa kwanza kufikiriwa ni kabalagala, kitafunio ambacho jina lake ni sawa na la mtaa wa Kabalagala uliomo humo humo Makindye. Hutengenezwa kwa ndizi ndogo tamu, ambazo Waganda huziita ndiizi, na unga wa muhogo. Ndizi ziwe zimeiva mpaka maganda yameanza kuwa meusi. Zile ambazo watoto wamezikataa mezani ndizo bora. Huvurugwa kwa mkono hata pasibaki bonge, kisha unga hutiwa kidogo kidogo. Kwa vikombe viwili vya ndizi iliyovurugwa unga huwa karibu vikombe viwili, lakini mkono ndio mwamuzi: donge likiacha kunata vidoleni, inatosha. Maji hayatiwi hata tone. Sukari nayo haihitajiwi ikiwa ndizi zimeiva sawasawa, na anayeitia hujikuta na vitafunio vinavyoungua nje huku ndani ni vibichi. Donge husukumwa kwa unene wa nusu sentimeta, hukatwa kwa mdomo wa bilauri, na hukaangwa katika mafuta ya moto wa wastani mpaka vigeuke rangi ya hudhurungi.

Wengi huharibu kazi hii mwishoni kabisa, kwa haraka ya kufunga. Kabalagala iliyofungwa ingali moto hutoa jasho ndani ya karatasi, na kesho yake ina ukungu. Iachwe ipoe kabisa, ikiwezekana usiku kucha chini ya kitambaa safi. Ikifungwa hivyo hukaa siku mbili au tatu, muda unaotosha hata kwa safari ya Karamoja. Kwa jirani anayehitaji kitu cha kukaa zaidi, vifaavyo ni vijiti vya unga wa ngano, siagi na sukari vilivyokaangwa vikakauka, ndugu wa visheti vya pwani. Hivyo, vikiwekwa katika mkebe wenye mfuniko imara, humaliza majuma.

Keki nayo isiogopwe kwa sababu nyumba haina jiko la umeme. Robo kilo ya siagi na robo kilo ya sukari hukorogwa mpaka ziwe nyeupe na nyepesi. Huongezwa mayai manne, moja moja. Kisha robo kilo ya unga wa ngano uliochekechwa pamoja na kijiko kimoja cha chai cha beking pauda. Sufuria kubwa hutandikwa mchanga mkavu chini, huwekwa juu ya sigiri ili ipate moto kwanza, kisha chombo cha keki huingizwa ndani yake. Sufuria hufunikwa, na makaa machache hupangwa juu ya mfuniko. Makaa mengi juu ni kosa la papara: keki hupasuka kichwani huku katikati bado ni uji. Isifunuliwe kabla ya dakika arobaini. Baada ya saa moja hivi huchomwa kijiti, na kijiti kikitoka kikavu, imeiva. Sigiri ikae nje au barazani. Chumba kilichofungwa chenye makaa ni hatari ya kuua, na hili halina mzaha.

Wakati keki inapoa, mikono ya watoto inaweza kupewa kazi ya shanga za karatasi. Kazi hii imeenea Kampala, na inajulikana hasa kwa akina mama wa Acholi Quarter, karibu na Kireka. Wengi wao walikimbia vita vya kaskazini, wakawa wakiponda kokoto katika machimbo ya mawe kwa malipo kidogo. Shirika la BeadforLife, lililoanzishwa mwaka 2004, lilisaidia kuzipeleka shanga za wanawake wa Uganda kwenye masoko ya ng'ambo. Kwa matumizi ya nyumbani kalenda ya mwaka uliopita yatosha. Karatasi hukatwa pembetatu ndefu, upana wa sentimeta mbili chini na ncha kali juu, huzungushwa kwenye sindano nene kuanzia upande mpana, na ncha hubandikwa kwa gundi. Shanga zikikauka hutungwa uzini, huchovywa katika vanishi mara mbili na kuanikwa siku nzima. Vanishi hushika moto upesi. Isikaribie sigiri inayooka keki.

Kuna pia wanaopenda kutoa kitu cha gome, yaani mfuko au jalada la albamu lililoshonwa kwa lubugo. Lubugo ni gome la mti wa mutuba, linalobanduliwa na kupondwa kwa nyundo za mbao mpaka likawa kitambaa chekundu cha udongo. Mti wenyewe hufungwa majani ya mgomba ili uote gome jipya. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi hii ya Buganda kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu, na mwaka 2008 ikaingizwa katika orodha yake. Ni zawadi ya heshima. Hata hivyo, Waganda wamezoea kuwafunga marehemu wao kwa lubugo, na wako wazee ambao hawangependa kuliona likiingia nyumbani kama zawadi ya kuagana. Kwa jirani Mganda mwenye umri mkubwa, ulizia kwanza kwa binti yake.

Kambini mila ni nyingi, nalo hilo ni faida. Mama wa Kiacholi au wa Kilango hufinyanga simsim na asali kuwa vidonge vitamu. Mama wa Ankole anajua kusuka vifuniko vyenye ncha vya kufunikia vyanzi vya maziwa. Mwenye kuondoka akipewa kitu cha kwao waliobaki, badala ya kitu cha kwao mwenyewe, hufika Moroto akiwa na la kusimulia.

Kufunga kusiwe mzigo. Jani la mgomba lililobabuliwa motoni hulainika likakunjika bila kupasuka, na kamba ya mgomba mkavu hulikaza vizuri kuliko utepe wa dukani. Kinachovunjika kiingie mkebeni, na mkebe uandikwe jina la mwenyewe, maana katika lori la uhamisho mizigo ya nyumba mbili huchanganyika kwa urahisi.

Mkebe huo kwa kawaida haurudi mtupu. Miezi inaweza kupita, kisha askari fulani akashuka Kampala kwa likizo, akauliza nyumba kwa nyumba mpaka akampata mwenye mkebe. Ndani yake mna karanga za Gulu, au maharagwe, au samli. Na chini ya mfuniko, karatasi iliyokunjwa yenye habari za watoto.