Kabla ya Kununua Prosesa Mpya

Mlaji anayetaka kuongeza kasi ya kompyuta yake ya zamani ya mezani anaweza kupanga kununua kifaa kimoja, kisha akalazimika kulipia vitatu. Prosesa huchomekwa kwenye soketi ya ubao mama, na soketi hutofautiana. Hata zikilingana kwa jina, si hakikisho: prosesa za Intel Core za kizazi cha nane hutumia soketi ya LGA 1151, lakini hazikuundwa kufanya kazi na ubao mama wa kizazi cha sita au cha saba wenye soketi ya jina hilohilo. Ukibadilisha ubao, huenda RAM nayo ikabadilika, kwa kuwa RAM ya DDR3 haiingii katika nafasi ya DDR4.

Kwa hiyo, andika modeli ya ubao wako, kisha soma orodha ya prosesa zinazokubalika kwenye tovuti ya mtengenezaji. Linganisha gharama yote na bei ya kuweka diski ya SSD, ambayo mara nyingi hutosha kuondoa uzito wa kompyuta.

Ununuapo kifaa kilichotumika, dai stakabadhi inayotaja modeli na muda wa dhamana. Ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha.