Kisukari Nyumbani: Tuogope Chakula au Tuogope Dawa?

Mama mwenye mgonjwa wa kisukari nyumbani hakosi washauri. Jirani atamwambia kwamba vidonge vinaharibu figo. Wifi atamwonya kuwa soda zisizo na sukari zinaleta saratani. Pale stendi yuko muuza mitishamba mwenye chupa ya kumaliza ugonjwa kabisa. Mwisho wake, mama huyo huanza kumpunguzia mumewe vidonge kimyakimya, na huku chai ya saa nne inaendelea kunywewa na vijiko vitatu vya sukari, na Jumapili baada ya ibada kreti ya soda inafunguliwa kama kawaida.

Hofu hizo zina chanzo chake, wala hatupaswi kuzicheka. Lakini uzito wake haulingani, na sisi tunaoshika mwiko na kupanga dawa kabatini yafaa tuzipime moja moja.

Soda, juisi na maandishi ya pakiti

Chupa moja ya soda ya kawaida ya mililita 300 ina sukari karibu gramu 32, yaani vijiko vinane vya chai. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba ni bora mtu mzima, hata yule asiye mgonjwa, asizidishe gramu 25 hivi za sukari ya kuongezwa kwa siku. Chupa moja imekwisha kupita hapo. Tena sukari iliyo ndani ya kinywaji huingia katika damu upesi kuliko ile iliyo ndani ya maharage au tunda lililotafunwa.

Akina mama wengi hukimbilia juisi, wakidhani matunda hayana neno. Glasi ya juisi halisi ya machungwa, bila kuongezwa chochote, ina sukari gramu 20 au zaidi. Mpe mgonjwa chungwa lenyewe alile na nyama zake.

Unaponunua kitu cha pakiti, soma orodha ya vitu vilivyomo. Kwa kawaida hupangwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo. Sukari ikitajwa ya kwanza au ya pili, rudisha pakiti hiyo rafuni. Ujue pia kwamba sukari ina majina mengi, na mengi huishia na herufi "ose", kama vile glucose, dextrose na maltose. Biskuti zilizoandikwa kuwa ni za wagonjwa wa kisukari zisikudanganye. Unga na mafuta vimo vilevile, na bei ni kubwa zaidi.

Sembe nyeupe nayo ni chakula kilichopitia mashine kikaondolewa maganda na kiini. Dona ina afadhali, ila bonge kubwa la ugali wa dona litapandisha sukari tu. Punguza ugali, ongeza mchicha na maharage. Vidonge vya kuungia mchuzi, kwa sehemu kubwa, ni chumvi, na wagonjwa wengi wa kisukari wana shinikizo la damu pia. Nyanya, kitunguu saumu na tangawizi vinatosha kuleta ladha.

Na soda zisizo na sukari?

Mnamo Julai 2023 habari zilienea kwamba aspatemu, kitu kinachotia utamu katika soda hizo, imetajwa kuwa huenda inaleta saratani. Ni kweli ilitajwa hivyo, lakini katika kundi la vitu ambavyo ushahidi wake ni hafifu. Wakati huohuo wataalamu walioangalia kiasi hawakubadili kipimo cha zamani, yaani miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Mtu wa kilo 70 angehitaji kunywa zaidi ya makopo 9 hadi 14 kwa siku moja ili akivuke. Miezi miwili kabla ya hapo Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshauri watu wasitegemee vitu hivyo ili kupunguza unene, lakini ushauri huo haukuwahusu wale ambao tayari wana kisukari.

Maji ni bora kuliko vyote. Lakini baba akishindwa kabisa kuacha soda, kwa maoni yetu ile isiyo na sukari ina hatari ndogo kuliko vile vijiko vinane.

Vidonge

Dawa inayotumika zaidi kwa kisukari cha watu wazima ni metformini. Asili yake ni mmea uitwao galega, na ilianza kutumika kwa wagonjwa nchini Ufaransa mwaka 1957. Ilikuwa na ndugu yake, fenformini, ambayo ilisababisha asidi kujaa katika damu na kuua watu, hata ikaondolewa Marekani mwaka 1977. Metformini yenyewe haisababishi figo kuharibika. Ila figo zikiwa tayari dhaifu sana, dawa hujaa mwilini, na ndiyo maana daktari hupima damu na kupunguza au kusimamisha dozi. Kinachoharibu figo, macho na mishipa ya miguu ni sukari iliyopanda miaka mingi. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 1998, kwa wagonjwa zaidi ya 5,000, ulionyesha kwamba kudhibiti sukari vizuri kulipunguza madhara ya macho na figo kwa robo.

Metformini ina kero zake: kichefuchefu na kuharisha, hasa mwanzoni, kwa hiyo imezwe pamoja na chakula. Ikitumika miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12, na mgonjwa akahisi ganzi. Hilo aelezwe daktari. Mwaka 2020, nchini Marekani, aina fulani za metformini ziliondolewa madukani baada ya kukutwa na uchafu unaoweza kuleta saratani. Wagonjwa waliambiwa wasiache kumeza mpaka daktari awabadilishie, kwa sababu kukaa bila dawa kulikuwa hatari zaidi.

Tunayopaswa kuichunga zaidi ni glibenklamidi. Hii huteremsha sukari hata kama mtu hajala, na haifai kwa wenye umri zaidi ya miaka 60. Mzee anayemeza asubuhi na kuondoka bila kula anaweza kuzimia njiani. Anayetaka kufunga kwa maombi azungumze kwanza na daktari, maana dozi huenda ikabadilishwa. Kwinini na septrini zikiongezwa juu yake zinaweza kuishusha sukari zaidi; prednisoloni, kwa upande wake, huipandisha. Diklofenaki ya maumivu ya mgongo, inayouzwa kirahisi kama peremende, huumiza figo. Kwa hiyo usinunue dawa yoyote dukani bila kumwambia muuzaji kwamba mgonjwa ana kisukari.

Ile chupa ya stendi, je? Mwaka 2000 huko California baadhi ya dawa za mitishamba za Kichina za kisukari zilipimwa, zikakutwa zimechanganywa kwa siri na glibenklamidi pamoja na ile fenformini iliyokwisha kuondolewa. Sukari ya mgonjwa ilishuka, naye akashukuru mitishamba. Chupa isiyoandikwa kilichomo haiwezi kupimwa uzito wake na mama yeyote.

Sukari ikishuka

Kila mtu nyumbani, hata watoto, ajue dalili: jasho jembamba, kutetemeka, njaa ya ghafla, kuongea ovyo au ukali usio wa kawaida. Kama kipimo kipo na kinaonyesha chini ya 4, au kipimo hakipo na dalili ni hizo, mpe vijiko vitatu vya sukari katika maji, au nusu kikombe cha soda ya kawaida. Ngoja dakika 15. Asipopata nafuu rudia, kisha ale. Aliyepoteza fahamu usimmiminie kitu kinywani, mlaze ubavu na mkimbizeni hospitali. Soda isiyo na sukari hapo haimsaidii.