Samaki Akihangaika, Mnofu Huharibika

Karibu na mji wa Morogoro, kando ya barabara iendayo Dar es Salaam, ni Kingolwira. Hapo kuna kituo cha serikali cha ufugaji wa samaki. Wafugaji hupata hapo vifaranga vya perege. Mfugaji huwalisha kwa miezi mingi mpaka wakue. Lakini kazi hiyo yote inaweza kuharibika siku moja tu, siku ya kuvua.

Mtazame samaki aliyetupwa nchi kavu. Anarukaruka na kupigapiga mkia. Hapo anamaliza nguvu zilizo katika mnofu wake. Mnofu unapata uchachu. Akifa, anakakamaa mapema. Kisha mnofu unalegea na kupasukapasuka. Samaki aliyekufa upesi, bila kuhangaika, mnofu wake hubaki imara kwa muda mrefu zaidi.

Katika viwanda vikubwa vya samaki, kama vile vya Norway, hutumiwa mashine za umeme. Umeme humzimisha samaki mara moja. Ndipo huchinjwa. Lakini umeme huo lazima upimwe. Ukiwa mdogo mno, samaki huzinduka. Usipopimwa vizuri, mwili hujikaza kwa ghafla. Uti wa mgongo unaweza kuvunjika, na damu ikavilia ndani ya mnofu. Mnunuzi akiona madoa mekundu, hanunui.

Hatari! Usitie waya wa umeme bwawani. Maji hupitisha umeme. Utajiua wewe, au utamwua mwenzako.

Bila mashine, fanya hivi:

1. Acha kuwalisha samaki siku moja kabla ya kuvua.
2. Vua asubuhi mapema, kabla ya jua kali.
3. Vuta wavu polepole. Usiwarundike samaki. Watoe wachache wachache.
4. Mpige kila samaki kwa rungu dogo, mara moja, kichwani juu ya macho.
5. Akizimia, kata mashavu yake ili damu itoke.
6. Mwoshe kwa maji safi, umweke katika barafu.

Kambare huweza kupumua hewa, kwa hiyo hafi upesi nchi kavu. Usimwache ahangaike ndooni. Naye mpige kwanza.

Maswali

1. Kwa nini mnofu wa samaki aliyehangaika hulegea?
2. Kwa nini tusitie waya wa umeme bwawani?
3. Jadilianeni: siku ya kuvua, tutapata wapi barafu?