Asubuhi Dar, Mchana Mafia, Jioni Nyumbani

Hebu niambie ukweli, msomaji wangu. Ni lini mara ya mwisho wewe na mwenzako mlikaa kutwa nzima pamoja, simu zimezimwa, hakuna harusi ya kuhudhuria, hakuna kikao cha michango, hakuna msiba wa jirani? Mimi nilipojiuliza swali hilo nilihesabu kurudi nyuma hadi nikachoka. Tulikuwa na miaka sita ya ndoa, mtoto mmoja, foleni ya Mbagala asubuhi na jioni, na miezi saba tangu kampuni aliyokuwa akifanyia kazi mume wangu ipunguze watu. Mazungumzo yetu yalibaki ya luku, ada, na nani atapitia mkate.

Ndipo zamu yangu ya mchezo pale ofisini ikafika. Nikapokea fungu langu, nikalitia kwenye bahasha, na badala ya kununua mapazia kama nilivyokuwa nimejiapiza, nikaenda kukata tiketi mbili za ndege ndogo. Mafia, Jumamosi asubuhi, kurudi jioni yake. Sapraizi! Baba watoto hakuambiwa neno.

Natamani nikuambie kwamba ilikuwa siku tamu kuliko zote. Haikuwa. Lakini nimeshakwenda tena tangu hapo, nikiwa na akili zaidi, na sioni sababu ya wewe kulipa ada ileile niliyolipa mimi.

Kwa nini Mafia, kwa nini ndege

Wengi wetu tukisikia neno kisiwa tunawaza Unguja. Unguja ni kuzuri, sina ugomvi nako, ila wikiendi nusu ya Dar utaikuta Forodhani, na mmoja wao ni bosi wako. Mafia ni kimya. Ipo kusini, kama kilomita 130 kutoka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, na kiutawala ni wilaya ya mkoa wa Pwani. Kwa njia ya kawaida unakwenda na gari mpaka Nyamisati, kule Kibiti, halafu unapanda chombo cha majini kwa saa kadhaa. Ni safari nzuri kwa mwenye siku tatu. Kwa mwenye siku moja, utafika, utanawa uso, utageuza. Ndege ndogo inachukua kama nusu saa.

Ndege zenyewe nyingi ni zile Cessna Caravan: injini moja, pangaboi moja puani, viti vya abiria kama 12, na rubani unamwona kisogo chake kama dereva wa daladala. Kama umezoea ndege kubwa, moyo utaruka kidogo. Lakini mabawa yake yako juu ya madirisha, kwa hiyo hakuna kinachokuzuia kutazama chini, na haziendi juu sana kiasi cha kuifanya dunia ionekane ramani. Unaziona ngalawa. Unaona mpaka matanga yake. Ukitoka Dar, omba upande wa kulia: ndipo utakapoiona delta ya Rufiji, mto unaogawanyika vidole vidole ndani ya mikoko mpaka unaingia baharini. Kurudi, kaa kushoto.

(Na kama mwenzako ni mpenzi wa historia, mtilie hii sikioni mkiwa hapo juu: mwaka 1915 manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha humo kwenye mikoko. Waingereza, ambao walikuwa wameiteka Mafia Januari mwaka huo, wakaweka uwanja wa ndege kisiwani na kutuma ndege ndogo kuichungulia na kuelekeza mizinga ya meli zao. Tarehe 11 Julai ikaishia hapo. Kwa hiyo safari ya ndege ndogo Mafia si mambo ya juzi.)

Ila usiisimamie sana habari ya kuchagua kiti. Ndege ndogo hupangwa kwa uzito. Begi lako litapimwa, kwa kawaida mwisho ni kilo 15, na wanataka begi laini, si sanduku gumu la magurudumu. Unaweza pia kuulizwa kilo zako mwenyewe mbele ya watu. Mimi nilitaja kilo zangu za siku ya harusi. Dada wa kaunta akaniangalia, akatabasamu, akaandika namba nyingine.

Kitambulisho

Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Jina kwenye tiketi lazima lifanane na jina kwenye kitambulisho. Wake wenzangu, nawasemea nyinyi hasa: kama kitambulisho chako bado kina jina la baba yako, usikate tiketi kwa jina la mume eti kwa sababu ndiyo safari ya mapenzi. Mimi hilo nililijua. Nilichohofia ni kwamba Jumamosi mume wangu angeacha pochi nyumbani, si unajua wanaume wakiambiwa "tunatoka mara moja tu". Basi Alhamisi usiku alipolala, nikachomoa kitambulisho chake cha taifa kwenye pochi, nikakitia kwenye mkoba wangu pamoja na changu. Nikalala nikichekelea.

Ijumaa alirudi jioni, kimya. Nikamuuliza kulikoni, akasema uchovu tu. Nikajisemea moyoni, ngoja kesho, utachangamka mwenyewe.

Jumamosi alfajiri nikamwambia tunakwenda uwanjani kupokea mzigo wa shangazi. Tulipofika kaunta, nikatoa vitambulisho viwili kwa mbwembwe, nikavilaza mezani, nikamgeukia kuona sura yake. Alikuwa anakiangalia kile kitambulisho. Alikiangalia muda mrefu.

"Kumbe ulikuwa nacho wewe," akasema. Basi. Hakuongeza kitu.

Tuliruka saa mbili asubuhi. Bahari chini ilikuwa na rangi ambazo sina majina yake, na mimi nilikuwa natazama ubavu wa shavu la mume wangu.

Kilindoni tukachukua bajaji mpaka Utende, kama kilomita 15 upande wa pili wa kisiwa, ambako ndiko ghuba ya Chole na hoteli nyingi zilipo. Nilikuwa nimechagua siku ya mwezi mpevu kwa makusudi, si ndiyo mapenzi yenyewe? Tulipofika ufukweni, bahari haikuwepo. Nakuambia haikuwepo! Mchanga, matope, majani ya baharini, mashua zimelala ubavu, na mwisho kabisa, mbali, mstari wa buluu.

Palikuwa na mzee anatengeneza wavu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamuuliza maji yamekwenda wapi. Akanicheka kwa upole. "Mwanangu, leo mwezi kumi na tano. Maji bamvua. Yatarudi, lakini si sasa."

"Yatajaa saa ngapi, mzee?"

"Saa kumi."

Ndege yetu ya kurudi ilikuwa saa kumi na nusu.

Tukakaa kwenye ubavu wa mashua moja, hatuna la kufanya, hatuna pa kuogelea, na simu nilikuwa nimezizima mwenyewe kwa amri. Pengine ndiyo maana akaongea. Ijumaa alikuwa na usaili wa kazi. Hakuniambia, kwa sababu mara mbili za kwanza aliniambia na mara mbili aliona uso wangu alipokosa. Safari hii alitaka aje na barua mkononi. Alipofika getini mlinzi akataka kitambulisho. Akafungua pochi, hakuna. Akarudi Mbagala, akapindua nyumba nzima, magodoro na yote, akaipanga tena nisijue. Aliporudi kule, waliokuwa wakisaili walikuwa wamekwishafunga makabrasha yao.

"Na mimi nilitaka kukufanyia sapraizi," akasema.

Nililia, msomaji wangu, mzee wa wavu akahamia mbele kidogo kutupa nafasi. Baadaye akaniuliza tiketi zilikuwa kiasi gani. Nikamtajia. Akanyamaza, akaniambia hajakasirikia pesa, ni zangu, nimezitolea jasho. Lakini miezi saba yule mtoto wa watu alikuwa anaomba nauli kwangu, halafu nampandisha ndege bila kumuuliza kama anataka kupanda. "Ungeniuliza tu, mama." Sikuwa na jibu na mpaka leo sina.

Tulikula pweza wa nazi mtamu sana. Hilo nalo niliseme. Na saa kumi, bajaji inatusubiri, bahari ikarudi yote, kijani, imejaa mpaka kwenye mizizi ya minazi, nzuri kama picha ya kalenda. Tukaipungia mkono.

Mara ya pili, mezani

Usaili ule ulipotea. Kazi aliipata kwingine, mwaka uliofuata, mshahara mdogo kuliko wa zamani. Siku moja yeye mwenyewe akaniambia, ile bahari inanidai. Tukaipanga safari pamoja, wiki kama sita, kwenye meza ya jikoni, mtoto akishalala. Nikuambie siri? Zile jioni za kupanga zilikuwa nusu ya raha yenyewe.

Kwanza bajeti, nusu kwa nusu, na kima ambacho hakivukwi. Halafu mwezi. Kwa pwani yetu, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji hutoka sana katikati ya asubuhi na kujaa alasiri, kama tulivyokutana nayo. Zile siku za katikati, mwezi saba au nane, ishirini na mbili au ishirini na tatu, ndiyo maji mafu: hayatoki mbali, na hujaa karibu na saa nne, saa tano asubuhi. Kwa mgeni wa kutwa moja hizo ndizo siku zake. Mwezi mpevu waachie wanaolala huko. Wewe utakuwa umesharudi Mbagala kabla haujachomoza vizuri.

Kisha msimu. Machi mwishoni hadi Mei ni masika, na ndege ndogo kwenye mawingu ya masika si mahali pa kuombana msamaha. Sisi tulichagua Desemba kwa ajili ya papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye kati ya Oktoba na Machi huonekana karibu na Kilindoni, dakika chache kutoka uwanja wa ndege. Anaweza kufika mita 12 na zaidi, na chakula chake ni vijidudu vya baharini anavyovichuja. Mume wangu hakuniamini mpaka kiwiliwili chenye madoa kilipopita chini yake taratibu kama basi la mwendokasi. Hamgusi, mnamwachia nafasi, mnaelea juu na miwani ya maji. Kuelea tu. Kuzamia na mtungi wa hewa siku moja na ndege ni hatari kwa mwili: hata baada ya mzamio mmoja tu, ushauri wa wataalamu ni kukaa angalau saa 12 kabla ya kuruka, na mkizamia zaidi ya mara moja, 18. Kwa hiyo mitungi nayo ni ya wanaolala.

Mchana tukavuka kwenda Chole, kisiwa kidogo mkabala na Utende, mwendo mfupi wa mashua. Wajerumani walikifanya makao yao kabla ya kuhamia Kilindoni, na magofu yao sasa yameshikwa na mizizi ya miti. Juu kwenye miti wananing'inia popo wakubwa, wanajipepea kwa mabawa kama wamama kwenye vikao vya harusi. Eneo hilo ni Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini, iliyoanzishwa 1995, kwa hiyo kuna kiingilio. Raia analipa pungufu, kitambulisho tena! Chakula tuliagiza siku mbili kabla kwa simu, maana hoteli ndogo hazipiki mpaka zijue unakuja. Na dada zangu, chukueni kanga mbili. Mafia ni watu wa dini, nguo ya kuogelea iishie majini.

Alasiri, uwanjani, rubani akatupanga kwa uzito kama kawaida. Mume wangu akawekwa mbele kabisa, kiti cha pembeni ya rubani, na mimi nyuma karibu na mama mmoja mwenye ndoo ya samaki iliyofungwa vizuri kwa nailoni. Nilinuna kidogo. Nusu saa nzima nitamtazama kisogo!

Tulipokuwa juu ya mikoko jua limeanza kulala, akageuka, akanitazama, akasema kitu. Injini ilikuwa inanguruma, sikusikia hata herufi. Nikaweka mkono sikioni. Akarudia, anatabasamu, midomo inakwenda polepole. Mama wa samaki akanigusa bega: "Mwenzio anakupenda huyo." Macho yakanilenga machozi.

Tulipotua, hata mkanda sijafungua vizuri, nikamuuliza alikuwa anasema nini kule juu.

"Nilikuwa nauliza," akasema, "gesi ulizima?"