Mojaloop: Programu huria yaunganisha mitandao ya fedha

Kwa Wakongomani, Wasomali na watu wengine wa Afrika Mashariki wanaoishi Louisville, Columbus na Buffalo nchini Marekani, kutuma fedha nyumbani huanza na swali moja: anayepokea ana laini ya kampuni gani?

M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi mwaka 2007, na nyingine kuifuata, kila kampuni ilijijengea ua wake. Tanzania ilitangulia kuubomoa: mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana wateja wao watumiane fedha, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Kenya ilifuata mwaka 2018. Hata hivyo, makubaliano ya kampuni mbili mbili ni mzigo, kwani kila mshirika mpya huhitaji mkataba mwingine na mtambo mwingine.

Oktoba mwaka 2017 wakfu wa Bill na Melinda Gates ulitoa Mojaloop, programu huria ambayo jina lake, kama msomaji anavyoona, nusu ni Kiswahili. Benki kuu yoyote yaweza kuichukua bila kununua leseni. Benki Kuu ya Tanzania iliitumia kama msingi wa mfumo wake wa malipo ya papo kwa papo, TIPS.

Kazi ngumu zaidi ni kukubaliana lugha moja. Neno moja likibadilishwa katika ujumbe wa malipo, benki ya upande wa pili haitaelewa, ndiyo maana mapendekezo ya mabadiliko hujadiliwa hadharani kabla ya kupitishwa. Kwanza mfumo humtafuta mpokeaji: namba hii ni ya mtandao upi, jina ni nani? Kisha pande mbili hupatana kuhusu kiasi na ada. Mtumaji akishaafiki ndipo fedha huhama, na zikishahama hazirudi. Hatua hiyo ya katikati ndiyo yenye faida kubwa kwa mtu wa kawaida, maana makato huyajua mapema.

TIPS, lakini, hufanya kazi ndani ya Tanzania. Ada za wakala wa Columbus na bei yake ya kubadilishia dola ni habari nyingine. Isitoshe, tangu Januari mosi mwaka 2026 sheria ya Marekani inatoza kodi ya asilimia 1 kwa anayetuma nje kwa fedha taslimu. Anayelipa kupitia akaunti ya benki au kadi ya benki ya Marekani hatozwi.