Kujumlisha Sehemu: Ishirini na Nne ya Kadhi

Mpe mwanafunzi 1/2 + 1/3, na huenda akakuandikia 2/5: kajumlisha vya juu kwa vya juu, vya chini kwa vya chini. Kabla hujamsomea kanuni, mwambie alinganishe. 2/5 ni ndogo kuliko ile 1/2 aliyoanza nayo. Kaongeza theluthi nzima, na mali imepungua!

Tatizo ni kwamba ameichukulia asili, ile namba ya chini, kuwa idadi. Asili hutaja ukubwa wa kipande. Kinachohesabu vipande ni kiasi, namba ya juu. Nusu na theluthi ni vipande visivyolingana, kwa hiyo hukatwa upya hadi vilingane. Kigawe kidogo cha shirika (KDS) cha 2 na 3 ni 6, basi 3/6 + 2/6 = 5/6.

Wanaoijua kazi hii kwa uzoefu ni wagawaji wa mirathi ya Kiislamu, kama vile makadhi. Sura ya An-Nisaa inataja mafungu sita: nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Asili zake ni 2, 4, 8, 3 na 6, na KDS ya zote ni 24. Ndiyo maana namba hiyo hujitokeza mara kwa mara katika vitabu vya mirathi. Ukizidisha tu asili zote jibu halitaharibika, ila utaburuza namba kubwa bila sababu.

Mtu amefariki, kaacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume. Mke ana 1/8, mama 1/6. KDS ya 8 na 6 ni 24: 3/24 + 4/24 = 7/24. Zilizobaki, 17/24, ni za mtoto. Urithi ukiwa shilingi milioni 24, mke anapata milioni 3, mama milioni 4, mtoto milioni 17.

Sasa tuchukue kisa kigumu. Marehemu kaacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke 1/8, mabinti 2/3 kwa pamoja, kila mzazi 1/6. Tukizigeuza kuwa za asili ya 24 tunapata 3 + 16 + 4 + 4, yaani 27/24. Mafungu yamezidi mali yenyewe! Inasimuliwa kwamba Ali bin Abi Talib aliulizwa suala hili akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo kuwa thumni ya mke imekuwa tusui, yaani 1/9. Njia yake huitwa aul: viasi vinabaki vilevile, asili inapandishwa kutoka 24 hadi 27, na mke anachukua 3/27. Kila mrithi anapunguziwa kwa uwiano uleule. Mashia hawaikubali aul; wao huwapunguzia baadhi ya warithi tu. Kwa vyovyote vile, ni jumla ya viasi inayoonyesha kuwa mali haitoshi, na jumla hiyo haipatikani kabla ya asili kusawazishwa.

Kwa hiyo mkiwa kwenye kikao cha mirathi na mgawaji akatamka 27, msimshuku. Mwombeni aandike viasi vyote kwenye karatasi, mjumlishe pamoja naye.